Kubinya ambu haraka hakumwongezei mgonjwa hewa
Kuna makala inasema mgonjwa asiyepumua abinyiwe ambu, yaani mfuko wenye barakoa wa kumsukumia hewa kwa mkono, haraka haraka ndani ya ambulansi ili apate hewa nyingi. Hapana, hiyo ni hatari kabisa. Mtu mzima ambaye moyo bado unapiga anatoshwa na pumzi moja kila sekunde 6, kila pumzi iingie kwa sekunde 1, mpaka kifua kiinuke tu: mililita 500 hadi 600, si mfuko mzima. Ukizidisha, hewa inakimbilia tumboni, anatapika, matapishi yanashuka mapafuni. Na kifua kilichojaa hewa kinazuia damu kurudi moyoni. Kifua kisipoinuka usikamue kwa nguvu zaidi. Inua taya, bana barakoa upya usoni kwa mikono miwili, mwenzako abinye. Sasa kwenye foleni ya Ubungo kwenda Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, nyuma ya gari huwa mko wahudumu wawili?