Dakika Nane Zinatosha

Wapenzi wa santuri wa hapa Dar tukikutana, hatukawii kufika kwenye ubishi wa "I Feel Love" ya mwimbaji wa disko Donna Summer. Ipi ndiyo miksi yenyewe, yaani toleo lililochanganywa vizuri kuliko yote? Kambi kubwa, tena yenye kelele, ni ya mwanamuziki wa Marekani Patrick Cowley, ile ya dakika 15 na ushee. Mimi niko na wachache. Nasema miksi ya santuri kubwa ya inchi 12 ya mwaka 1977, ya dakika nane na robo, haijapata mpinzani, na kwamba ya Cowley inabebwa na urefu na uadimu wake kuliko wenyewe wanavyotaka kukubali.

Kwa asiyezifahamu, tuzipange kwanza. Wimbo ulirekodiwa Munich, studio za Musicland, watayarishaji wakiwa Giorgio Moroder na Pete Bellotte. Karibu kila unachosikia kimetoka kwenye sinthesaiza (kinanda cha kielektroniki) ya Moog, ukiacha sauti ya Donna na ile ngoma ya mguu, ambayo Keith Forsey aliipiga mwenyewe kwa kuwa mashine haikutoa kishindo cha kuridhisha. Kwenye albamu ya I Remember Yesterday unachukua dakika 5 na sekunde 53. Kwenye santuri ndogo ya inchi 7 waliukata, na mwanzoni wakauweka upande B, nyuma ya wimbo wa taratibu ambao leo hata mashabiki wa Donna wanausahau. Ndipo ikaja inchi 12, yenye vipande vya ala vilivyorefushwa. Mwaka 1978, huko San Francisco, Cowley akatengeneza ya kwake bila kutumwa na mtu: alichukua besi akaizungusha na kuizungusha, juu yake akamwaga milio yake mwenyewe. Kwa miaka kadhaa ilikuwa mali ya madijei tu. Ilipofika madukani ilikuwa 1982, na Novemba ya mwaka huo Cowley akafariki, ana miaka 32. Miksi za miaka ya 1990 sizigusi, hizo ni habari nyingine.

Sasa, kurefusha wimbo ni kufanya nini hasa? Chukua "Ten Percent" ya kundi la Double Exposure, ambayo dijei Walter Gibbons aliichanganya mwaka 1976 kwa ajili ya lebo ya Salsoul. Santuri ndogo ilikuwa na dakika tatu hivi, yeye akaifikisha tisa na zaidi. Lakini Gibbons alikuwa na bendi nzima mezani: dramu za Earl Young, besi ya Ronnie Baker, gitaa la Norman Harris, vinanda, matarumbeta. Alipowaondoa waimbaji na kuziacha ngoma peke yake, ulisikia vitu vilivyokuwa vimefunikwa. Urefu ule ulikuwa na kazi. "I Feel Love" haijaficha kitu. Tangu sekunde za mwanzo kila kilichomo umeshakisikia, na uzuri wake uko hapohapo, kwenye ubishi wa mashine isiyochoka na mwanamke anayeelea juu yake. Ukitaka kuurefusha mara mbili au tatu, lazima ulete vitu kutoka nje. Cowley alivileta, na dakika mbili tatu za kwanza za sehemu yake ya kati ni tamu, sibishi. Baada ya hapo anaongeza maji kwenye mchuzi.

Wenzangu hunijibu kwa hoja ya nyumbani: sehemu ile ya kati ndiyo chemko, pale muziki wa dansi unapochangamka. Hoja hii naipenda, maana sisi tumelelewa na muziki wa dansi. Tunajua kuvumilia beti za taratibu tukisubiri magitaa yaanze kujibizana na watu wajae ukumbini. Santuri ndogo za bendi zetu nyingi zilikata wimbo vipande viwili, upande wa kwanza uimbaji, upande wa pili chemko, na wewe ulinyanyuka kwenye kiti kwenda kuigeuza. Lakini chemko hubadilisha mwendo wa wimbo. Bendi ya Sikinde wakifika pale, hata aliyekaa anajua mambo yamegeuka. Kwa Cowley besi ni ileile na kasi ni ileile, makorokoro tu ndiyo yameongezeka.

Halafu kuna santuri yenyewe, jambo ambalo wanaosikiliza kwenye simu hawalioni. Inchi 12 hazikuzaliwa kutafuta urefu. Mchanganyaji wa miksi Tom Moulton alikwenda kukatiwa wimbo kwenye sahani kwa fundi José Rodriguez, sahani tupu za inchi 7 zikawa zimekwisha, wakatumia ya inchi 10. Moulton akaona upuuzi wimbo mmoja kujibana kwenye pete nyembamba ya sahani kubwa hivyo, akataka mifereji itawanywe. Fundi alipoitawanya na kupandisha sauti, kilichotoka kwenye spika kikawashangaza. Nafasi ndiyo iliyoleta sauti ile. Besi nzito inahitaji mfereji mpana. Ukishindilia dakika 15 upande mmoja, mifereji inabanana na fundi analazimika kuishusha sauti. Juu ya hilo, kwa mizunguko 33 kwa dakika, sindano ikiwa ukingoni inapitiwa na karibu sentimita 50 za mfereji kila sekunde, na ikikaribia lebo ya katikati ni kama 20 tu, na kadiri zinavyopungua ndivyo sauti inavyoharibika. Kwa hiyo Donna anaporudi mwishoni, pale unapomtaka zaidi, anaimba mahali pabaya kuliko pote kwenye sahani.

(Na tafadhali, unganisha spika zote mbili. Moroder aliiweka besi upande mmoja na mwangwi wake upande wa pili, na mbio zile zinatokana na kupokezana kwao. Nimeshakaa sebuleni kwa watu Kinondoni, spika moja imefungiwa chumbani, na bado tukabishana miksi.)

Mjomba wangu, aliyepiga disko miaka ya 1980 hapa mjini, ana sababu nyepesi kuliko zangu. Santuri za nje zilikuwa adimu, watu walirekodiana kwenye kanda. Kanda ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande. Nani angempa wimbo mmoja nusu ya upande mzima, wakati kuna Kool & the Gang na Boney M. wanasubiri?

Ukumbini, saa tisa usiku, watu wameshalowa jasho, nitamwachia dijei amalize zote 15, na pengine nitacheza. Ila nyumbani, na kwa bei ambazo watu wanataja siku hizi, usidanganywe na ya Cowley iliyopindwa na joto letu. Tafuta ya 1977, hata ikiwa na mikwaruzo.