Uso uliokatika

Wiki mbili zilizopita, baada ya laasiri, nilikuwa nimesimama Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, mbele ya baraza ninayoijua tangu utotoni, nikingoja wazee wanisahau ili niwapige picha moja pana, safu yote kwa pamoja. Kijana mmoja aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake akaitazama kamera yangu kwa muda, kisha akasema, "Kaka, hata simu yangu yafanya hiyo. Tena bure."

Akaitoa mfukoni, akasimama pale pale niliposimama mimi, akaipitisha taratibu kutoka kushoto hadi kulia, mshale wa kwenye kioo ukimwongoza. Ilimchukua sekunde sita hivi. Akanionyesha. Ukuta umetoka vizuri, mlango umetoka, nyaya za stima zimetoka. Mzee wa tatu kutoka kushoto, aliyegeuka kupokea kikombe, ana kisogo na pua upande mmoja. Muuza kahawa ana dele, lakini mkono unaolishika haupo. Kijana akacheka, akasema si neno, zote huwa hivyo, muhimu ni upana.

Mimi sikucheka. Nimekuwa na neno hili kifuani tangu mwaka jana, na leo nalitoa.

Mwaka jana tulimzika ami yetu mmoja. Siku ya hitima bintiye alikuwa akitafuta picha ya babake akiwa barazani, kwa sababu ndiko alikokuwa kila siku baina ya laasiri na magharibi. Picha za harusi zilikuwepo, ya kitambulisho ilikuwepo, na ya studio ya ujanani ilikuwepo, amesimama wima kama mlingoti, mkono begani mwa rafiki yake. Ya barazani ilikuwa moja tu. Mjukuu aliipiga kwa simu, kwa mtindo huo huo wa kuipitisha. Tulipoikuza, mshono ulikuwa umepita usoni mwake. Jicho moja liko juu ya jingine. Mdomo umekatika, kisha unaendelea kando. Bintiye aliilaza simu kifudifudi juu ya mkeka na hakusema kitu. Mpaka leo sijaisahau namna alivyoilaza.

Simu ile haina kosa. Imefanya kazi iliyotengenezewa: huchukua vipande vingi, kimoja baada ya kingine, kisha huvishona viwe kitambaa kimoja. Ukuta wa matumbawe hautikisiki, kwa hivyo hushoneka. Bahari ikiwa shwari hushoneka. Binadamu hupumua, hugeuka, hupokea kikombe, hugeuka tena, na mashine haijui ishike yupi kati ya yule wa sekunde ya pili na yule wa sekunde ya tatu. Matokeo yake, kadiri kitu kilivyo hai ndivyo kinavyoharibika. Kifaa kinachotunza mawe na kuvunja nyuso si kifaa cha kupigia watu picha, na hilo nitalisema mbele ya yeyote.

Kamera yangu ni Fuji TX-1. Wengi mwaijua kwa jina la Hasselblad XPan; ni ile ile, kampuni hizo mbili ziliitengeneza kwa ushirikiano ikatoka mwaka 1998, na Japani ikauzwa kwa jina la Fuji. Binamu yangu baharia aliinunua huko, ikapita bandari nyingi kabla ya kushukia Kilindini, na alipoacha bahari akaniachia. Ndani yake unatia mkanda wa kawaida wa milimita 35. Tofauti ni kwamba kamera nyingine hutumia milimita 36 za mkanda kwa kila picha, na hii hutumia 65. Hakuna kinachozunguka wala kushonwa. Shata, kile kipazia kinachoruhusu mwanga ufike kwenye mkanda, hufunguka mara moja. Kwa kasi ya sehemu moja ya 60 ya sekunde, nafasi yote ya milimita 65 huwa wazi kwa pamoja, na wote waliokaa pale, wa mwanzo hadi wa mwisho, wameishi kipande hicho kimoja cha wakati bega kwa bega. Anayecheka upande huu na anayesinzia upande ule wamo katika pumzi moja.

Waulize watu kamera ya namna hii ni ya kazi gani, watakwambia mandhari. Watakutuma Nyali au Diani ukapige machweo, na wanaosema hivyo wengi hawajakaa ufukweni huku, maana jua letu huchomoza baharini na kuzama bara. Sina ugomvi na mandhari. Lakini nimeitumia kamera hii miaka kumi sasa, na naamini kwa dhati kwamba mahali pake ni mbele ya watu waliokaa kwa safu, na sijui mji unaokaa kwa safu kama Mombasa. Baraza ni safu. Swala ya Idd ni safu. Kina mama kwenye harusi, migongo ukutani, leso zimelingana, ni safu. Abiria kwenye ukingo wa feri wakiitazama Likoni ikisogea ni safu. Ukimtoa mtu katika safu hiyo ukampiga peke yake umepata sura yake, na umepoteza alikuwa nani kwa jirani yake. Barazani mtu anajulikana kwa aliyekaa naye: nani humwachia nani nafasi, nani huketi karibu na dele, nani husogezewa mto. Picha ya mraba au ya wima haina mahali pa kuweka hayo. Lazima ukate, na ukikata, lazima kuna mtu umemtoa barazani.

Mapokeo yetu ya picha yalikuwa ya wima, naelewa. Studio zilikuwa finyu, na mtu alitaka aonekane kutoka kofia hadi viatu. Wapiga picha wa pale Likoni kwenye feri miaka ya 1990 walikuwa na mapazia ya kuchorwa, meli na ndege, na mtu alisimama mbele yake akawa msafiri. Nazipenda mno picha zile. Lakini zilimtoa mtu mtaani zikampeleka kwingine, na mimi namtaka akiwa mtaani kwake.

Mwenzangu mmoja ananiambia, chukua lenzi pana kwenye kamera ya kawaida, kisha kata juu na chini, utapata picha hiyo hiyo. Ni kweli, na inanibidi nikubali: lenzi yangu ya milimita 45 kwenye mkanda huu mrefu huona upana ule ule wa lenzi ya milimita 25 kwenye kamera ya kawaida, na ukikata sawasawa, mistari itaangukia mahali pamoja. Lakini hesabu basi kilichobaki. Yeye amebakiwa na utepe wa milimita 13 kwa 36. Mimi nina 24 kwa 65, zaidi ya mara tatu ya eneo, na eneo hilo ndilo linalobeba makunyanzi ya mzee wa mwisho pale kwenye kivuli. Tena yeye hakuwa akiutazama utepe huo alipopiga. Alikuwa akitazama anga na lami, akikusudia kuvitupa baadaye. Mimi nilisimama robo saa nikikitazama kile kile nitakachokiweka.

Na namna ya kukitazama ni jambo jingine. Macho yako hayapiti ndani ya lenzi, yanapita kwenye kidirisha pembeni yake. Katikati kuna kivuli cha picha ya pili. Unazungusha lenzi mpaka kivuli na mtu viungane. Mimi huunganisha kwenye ukingo wa kofia ya mzee wa katikati, natia tundu la lenzi kwenye 8, kisha sigusi tena. Nje ya mstari wa fremu bado unaona: mtoto anakuja mbio, mkokoteni wa maji unakata kona, muuza kahawa anainama. Unaona kinachokaribia kuingia kabla hakijaingia. Kwa kupiga baraza, hilo ni nusu ya kazi.

Ina kasoro. Pembe za picha huwa na giza ukifungua lenzi kabisa, na kufungua kabisa kwenyewe ni namba 4 tu, tundu lisiloingiza mwanga mwingi, kwa hivyo magharibi ikiingia kazi imekwisha. Rangi ya mwili wake hubanduka. Ikifa umeme wake sijui fundi wa kuifufua, na bei yake leo imefika ya tuktuk mpya. Kama binamu hangenipa nisingekuwa nayo. Ukiiinamisha kidogo baharini, upeo wote wa macho huinama na maji yaonekana yakimwagika. Mkanda wa picha 36 hutoa 21 tu. Haya yote ni kweli na hayanirudishi nyuma.

Jambo linaloniuma ni mikono ya watu. Kuna duka moja niliwahi kupeleka mkanda kusafishwa. Nilieleza, nikaandika juu ya kasha, nikarudia kueleza. Waliusafisha vizuri, kisha wakaukata vipande kwa kipimo cha kamera za kawaida, na mkasi ukapita katikati ya safu ya swala ya Idd. Nusu ya jamaa kipande hiki, nusu kipande kile. Nilisimama pale kaunta nikiwa nimeshika vipande viwili na sikuwa na la kusema. Mashine imemkata ami, na mkasi umekata jamaa, na katika hali zote mbili jibu nililopewa ni hilo hilo: huwa hivyo. Kwa nini iwe hivyo? Nani alikubali?

Tangu siku ile nasafisha mwenyewe jikoni, nyeusi na nyeupe tu, mkanda uitwao HP5. Karatasi ya maelekezo imeandikwa na watu wa nchi za baridi: nyuzi 20, dakika saba na nusu. Mombasa maji ya bomba, siku yakija, huja na joto lake, na dawa ikiwa na joto mkanda huiva upesi na kuwa mweusi kupita kiasi. Kwa hivyo nanunua mfuko wa barafu kwa jirani, natia chupa ya dawa ndani ya karai, nakaa na kipimajoto mpaka ishuke. Maji ya kisima siyatumii mwishoni, yana chumvi, mkanda ukikauka huacha madoa kama ya machozi. Suuza ya mwisho ni ya maji ya kunywa ya dukani. Mke wangu ameshazoea kuona mkanda umening'inia bafuni, na siku moja aliniita akanionyesha kwa kidole: "Huyu si mamake fulani?" Alikuwa yeye, kwenye feri, mdogo kama punje ya mchele, na anajulikana.

Picha niliyopiga siku ile ya kijana wa pikipiki ilitoka. Wazee ni sita. Mmoja anapokea kikombe, na uso wake uko mzima. Mkono wa muuza kahawa upo, mshipa wake waonekana. Ila upande wa kulia, karibu na mlango, baraza iko tupu, kama theluthi nzima ya picha: jiwe lililosuguliwa na nguo za watu mpaka likang'aa, na mto mmoja. Nilipoichapisha nikaona ni dosari, picha imeegemea upande mmoja. Nikaiwekea alama ya penseli mahali pa kukata.

Kabla sijaikata nikaipeleka barazani. Kila mmoja kwanza alijitafuta mwenyewe, kisha wakaanza kutafutana, kisha wakabishana kuhusu mtoto anayechungulia mlangoni, ambaye mimi sikumwona hata nilipochapisha. Mzee mkubwa wao akaufikia mstari wa penseli.

"Na huu wa nini?"

"Hapo nataka kukata, ami. Hapana mtu."

Akanitazama. Akaweka kidole juu ya ule mto kwenye picha, akakiacha hapo, akanielekeza kwa kidevu mto wenyewe, uliokuwa pale pale karibu na mlango, na nafasi yake wazi, ingawa siku hiyo niliyoipeleka walikuwa wanane na wawili walikaa chini kwenye jamvi.

"Hapa si pake?"

Nilijua ami yetu alikuwa akikaa karibu na mlango. Sikujua kwamba wamemwachia.

Nimefuta penseli. Fundi wa fremu hana fremu ya umbo hilo, urefu karibu mara tatu ya kimo, itambidi apime mbao upya. Nimempa vipimo vya picha yote, nikamwambia atengeneze mbili. Ya pili ni ya bintiye.