Usichague njia ya kukimbia kwa kilomita

Muulize mkimbiaji kuhusu njia anayoipenda, na jambo la kwanza atakalokutajia ni urefu: ile ya kilomita 5, ile ya 10, ile ya 21. Naamini hapo ndipo tunapowapoteza watu wengi. Kilomita 5 za ukingo wa ziwa na kilomita 5 za kilima chenye mawe ni kazi mbili zisizofanana kabisa. Anayemwambia mgeni wa mbio kwamba njia zote mbili ni fupi anamtuma akaichukie starehe hii kabla hajaionja.

Wasimamizi wa riadha wanalijua jambo hili vizuri. Ili muda wa marathoni utambuliwe kuwa rekodi ya dunia, mteremko wa jumla kutoka mwanzo hadi mwisho hauruhusiwi kuzidi mita 1 kwa kila kilomita, na umbali wa moja kwa moja kati ya mwanzo na mwisho hauruhusiwi kuzidi nusu ya urefu wa mbio. Mwaka 2011 Mkenya Geoffrey Mutai alikimbia marathoni ya Boston, Marekani, kwa saa 2:03:02, muda ambao hakuna mtu aliyekuwa ameufikia katika marathoni yoyote, na haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Kilomita zilikuwa 42.195 kama kwingine kote, lakini njia inateremka kupita kiasi na inaelekea upande mmoja, kiasi kwamba upepo ukiwa mgongoni unamsindikiza mkimbiaji hadi mwisho. Ikiwa mita chache za mteremko zinahesabiwa kwa mtu wa kiwango kile, kwa mtu anayetafuta pumzi zake za mwanzo zinahesabika mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo kabla sijauliza urefu wa njia, nauliza inapanda mita ngapi kwa jumla. Hesabu ninayoitumia ni ile ya wakimbiaji wa milimani: kila mita 100 za kupanda, ongeza kilomita 1. Njia ya kilomita 10 yenye mita 400 za kupanda uiweke moyoni kama kilomita 14, na upange muda, maji na matarajio yako kwa hiyo 14. Si mbali sana na kanuni ya zamani ya William Naismith, mpanda milima wa Scotland, ambaye mwaka 1892 aliwashauri watembea milimani wahesabu saa nzima kwa kila maili 3, kisha waongeze saa nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda.

Hesabu hiyo ina kasoro moja kubwa: haikuambii mita hizo zimetandazwa vipi. Mita 200 zilizogawanywa katika vilima vidogo vidogo ni furaha. Unapanda, unavuta pumzi, unateremka, unasahau. Mita 200 hizo hizo zikiwa mpando mmoja zinamvunja moyo anayeanza. Hapa ramani yenye mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, ina faida kuliko namba yoyote ya kwenye simu. Mistari ikikaribiana, mwinuko ni mkali. Ikiachana, ardhi imelala. Dakika chache za kuitazama ramani zinakuonyesha pale ambapo pumzi itakatika, na ukishapajua unaweza kuamua mapema kwamba hapo utatembea. Kutembea mpando mkali si aibu hata kidogo. Wakimbiaji bora wa milimani duniani hutembea miinuko mikali, mikono magotini, kisha huanza tena kukimbia wakifika juu.

Mteremko ndio unaowadanganya watu zaidi, kwa kuwa mapafu yanapumzika na mtu anadhani mwili mzima umepumzika. Unapoteremka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya kuzuia: inarefuka huku imekaza, na kazi hiyo huichanachana kidogo kidogo, zaidi kuliko kupanda kunavyofanya. Maumivu hayaji siku hiyo. Yanakuja kesho yake, au keshokutwa, wakati wa kushuka ngazi. Habari njema ni kwamba mwili hujifunza upesi; mteremko mmoja wa wastani leo unaikinga misuli kwa wiki kadhaa zijazo. Ndiyo maana njia ya mzunguko ina sura mbili. Kwa anayeanza, mara nyingi nashauri apande upande ule mkali kwa kutembea, kisha ashuke taratibu upande uliolala akiwa anakimbia. Wengi hufanya kinyume, wakitaka kukimbia kila hatua ya kupanda, halafu wanajikuta wanashuka genge na magoti yanatetemeka.

Sasa mandhari. Wapo wanaoiona kama pambo, kitu cha kuongezwa mazoezi yakishapangwa. Mimi naipa uzito sawa na ardhi yenyewe, kwa sababu mbio humjenga mtu kwa kurudi na kurudi tena, na hakuna anayerudi kwa hiari mahali panapomchosha macho. Ila mandhari ina sharti: lazima uweze kuitazama. Kwenye kijia cha mawe na mizizi, macho hukaa chini, hatua mbili tatu mbele ya mguu, yakitafuta pa kukanyaga. Ukiinua kichwa kulitazama bonde, kifundo cha mguu ndicho kitakacholipa. Ile njia inayopendeza kuliko zote kwenye picha, inayopita ukingoni mwa jabali, kwa anayeanza ni safari ya kutazama mawe tu.

Kwa hiyo kwa anayeanza sina kigugumizi: tafuta maji yaliyotulia, au tafuta reli ya zamani. Treni haiwezi mlima mkali, na waliojenga reli walilazimika kuyafuata mabonde, kuchonga vilima na kuvusha madaraja ili mwinuko usizidi asilimia 2 au 3 isipokuwa pale waliposhindwa kabisa. Reli ikishang'olewa na tuta lake kuachiwa watu wa miguu, kinachobaki ni njia pana, isiyo na magari, inayopita juu ya mito na katikati ya mabonde ambayo barabara zimeyakwepa. Kingo za mifereji ya meli nazo ni hivyo hivyo. Ubaya wake ni kwamba njia hizi hunyooka, nazo humvuta mtu aende mbali kuliko alivyopanga, akasahau kwamba kila kilomita ya kwenda ina deni la kurudi. Geuka kabla ya kuchoka. Na kama kuna upepo, anza kwa kuukabili, ili ukiwa umechoka ukusukume kuelekea nyumbani.

Ufuo wa bahari nauzungumzia peke yake, maana ndio unaopendwa zaidi na unaoeleweka kidogo zaidi. Watu husikia habari za Percy Cerutty, kocha wa Australia aliyewapandisha wanariadha wake vilima vya mchanga vya Portsea, na kwamba mmoja wao, Herb Elliott, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 jijini Roma mwaka 1960 kwa rekodi ya dunia. Wanahitimisha kwamba mchanga ni mzuri kwa kila mtu. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba kukimbia kwenye mchanga mkavu hutumia nguvu mara 1.6 hivi ya kukimbia kwenye ardhi ngumu, kwa mwendo ule ule. Kisigino huzama, ukano wa nyuma yake huvutwa kupita ulivyozoea, na anayeanza hurudi na maumivu ambayo hayaondoki kwa siku moja.

Dawa yake ni kuyajua maji. Yakipwa, mchanga uliolowa hukaza na kuwa sakafu nzuri sana, wazi, yenye upepo na mwanga usio na mfano. Kati ya maji kujaa na kupwa kuna muda wa saa 6 na dakika chache katika pwani nyingi, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo njia iliyokuwa pana Jumamosi hii saa fulani inaweza kuwa chini ya maji Jumamosi ijayo saa hiyo hiyo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali na kurudi juu sana. Usiingie ghuba yenye majabali pande zote bila kujua yanarudi lini. Jambo lingine ni kwamba ufuo umeinamia majini, mguu mmoja ukikanyaga chini kuliko mwenzake. Nenda na urudi ufuo huo huo, ili kila mguu upate zamu yake. Barabara za lami zina mwinamo kama huo pembeni, japo mdogo.

Kwa mtu wa kati, yule anayeweza kukimbia nusu saa huku anaongea bila kukatika maneno, njia ninayoipenda kuliko zote ni mzunguko wa namba nane: mizunguko miwili inayokutana pale ulipoanzia. Mzunguko wa kwanza uwe wa ardhi laini, wa pili uwe na kilima na msitu. Ukimaliza wa kwanza unajiuliza mwili unasemaje. Kama umechoka, uko tayari mlangoni. Kama una nguvu, sehemu nzuri zaidi bado iko mbele. Njia isiyo na mahali pa kutokea katikati simpendekezei mtu ambaye bado anajifunza kuusoma mwili wake, hata iwe nzuri kiasi gani. Msituni, kumbuka pia kwamba saa ya kupimia njia hupotoka chini ya miti minene na ndani ya makorongo. Uamini muda uliokaa njiani kuliko umbali inaokuonyesha.

Mwenye nguvu naye ana haki yake ya uzuri, na mara nyingi anajinyima kwa kung'ang'ania barabara tambarare inayompa kasi nzuri ya kuonyesha. Kocha Arthur Lydiard wa New Zealand aliwapeleka wanariadha wake kwenye mzunguko wa vilima vya Waiatarua, karibu kilomita 35, akiwemo Peter Snell ambaye mbio zake zilikuwa za mita 800. Snell alipata dhahabu ya Olimpiki ya mita 800 mwaka 1960, na mwaka 1964 akachukua za mita 800 na 1500 zote mbili. Mpeni mwenye nguvu mgongo wa mlima, mawe, tope na miteremko ya kumlazimisha kufikiri. Aiache kasi nyumbani na ajipime kwa pumzi.

Mkiwa kundi lenye watu wa viwango tofauti, msikubaliane mwendo mmoja, hakuna atakayefurahi. Chagueni kwanza mahali penye mandhari bora, kisha tafuteni njia mbili au tatu za kufikia hapo: ya bondeni kwa anayeanza, ya kilimani kwa wa kati, ya mgongo wa mlima kwa mwenye nguvu. Wa bondeni aondoke kwanza. Mwelekeo na saa ya kuondoka vipangwe na yule mwenye pumzi fupi kuliko wote, kwa sababu wengine wanaweza kuongeza kilima njiani, naye hawezi kupunguza. Na mahali pa kukutania pawe na kivuli na nafasi ya kukaa, kwani hata hesabu ikipangwa vizuri, kuna atakayefika mapema akawasubiri wenzake.