Nyimbo Ambazo Hata Punda Anazielewa

Juzi baada ya Alasiri nilikuwa nimekaa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, nikimsikiliza kijana mmoja wa Langoni ambaye hutunga nyimbo zake mwenyewe na kuziimba kwa gita, huku mwenzake akimsindikiza kwa ngoma ndogo. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akanigeukia akasema, "Nyimbo gani hizi, mwanangu? Hata punda anazielewa." Sikumjibu, kwa kuwa ni mkubwa wangu, lakini neno lile limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Nimezaliwa katika mji wa punda na sijapata kumwona hata mmoja akisimama kusikiliza wimbo. Aliyesimama siku ile ni kijana aliyekuwa akiwaswaga, wakiwa wamebebeshwa magunia ya mchanga. Wimbo ulikuwa wa mama anayekwenda gatini kila jioni kutazama boti za Mokowe, akitumai kwamba mwanawe aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi atashuka. Kiitikio kilipokuja mara ya pili, kijana yule alikuwa ameshakishika, na alipoingia uchochoroni bado nilimsikia akikiimba, akikikatiza kila mara ili awafokee punda wake.

Mwimbaji huyu hana kampuni ya kurekodi, hana meneja, na redioni hapigwi. Ana simu anayorekodia chumbani, na gita ambalo uzi wake mmoja ni mshipi wa kuvulia. Huko Marekani, mwimbaji Ani DiFranco alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1990 kupitia kampuni aliyoianzisha mwenyewe, lakini yeye angalau alikuwa na kaseti za kuuza. Kijana wetu hana chombo cha kusafirishia wimbo isipokuwa midomo ya watu, na mdomo hauchukui mzigo usiochukulika. Wepesi anaodharauliwa kwao ndio kazi yenyewe: kuondoa neno baada ya neno mpaka yabaki yale ambayo mwenye punda anaweza kuondoka nayo. Anayedhani kazi hiyo ni rahisi na atunge ubeti mmoja wa mistari minne ambao jirani ataukumbuka kesho asubuhi. Mimi nimejaribu, na mke wangu ni shahidi wa aibu hiyo.

Muyaka bin Haji wa Mombasa husifiwa hadi leo kwa kuutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni. Sijui ni lini soko limegeuka kuwa mahali pa fedheha. Na "Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William, ni kilio cha kijana anayependa na hana mahari, basi, nao ulimfikia Miriam Makeba na walimwengu wengine wasiojua Kiswahili.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mafumbo yana utamu wake, na kwamba mji uliomzaa Zein l'Abdin, gwiji wa taarabu, una haki ya kuchagua cha kusikiliza. Nakubali pia kwamba wimbo wa tatu wa kijana ulikuwa mbovu, maana alirudia "bahari" mara nane kwa kukosa kina kingine cha kumalizia mistari. Huo ulikuwa uvivu, na uvivu nimeusikia hata katika nyimbo zilizojaa Kiarabu.

Wiki ijayo nakwenda Mombasa, na nimemwahidi kijana kumletea nyuzi za gita. Mzee wangu naye, akipenda, nitamletea kamusi.