Aliyefunga Mashada ndiye aliyeshiriki kujenga Ushahidi

Januari 2008, baada ya matokeo ya urais kutangazwa na vurugu kuenea, serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja redioni na kwenye televisheni. Wakenya wakahamia intaneti. Mtandao wa Mashada, kijiwe kikubwa cha Wakenya wa nyumbani na ughaibuni, ulifurika matusi ya kikabila hadi wasimamizi wakalemewa, na mwasisi wake, David Kobia, akaufunga mjadala. Mwezi huohuo Kobia alikuwa pamoja na Ory Okolloh, Juliana Rotich na Erik Hersman katika kuanzisha Ushahidi, tovuti iliyopokea taarifa za vurugu kutoka kwa wananchi na kuziweka kwenye ramani.

Nairudia historia hii kwa sababu ubishi wetu kuhusu tovuti zinazojazwa na watumiaji wenyewe umekwama pabaya. Kuna wanaoamini mwananchi akipewa uwanja ukweli utajitokeza, na kuna wanaoamini atauleta uzushi na chuki. Kila upande una mfano wake katika mwezi uleule, tena kwenye kazi ya mtu yuleyule. Kwa maoni yangu, kilichotofautisha tovuti hizo mbili ni swali lililoulizwa. Mashada ilikuwa wazi kwa lolote mtu alilotaka kusema. Ushahidi ilimtaka aeleze kilichotokea, mahali na wakati, kisha wahariri wa kujitolea wakajitahidi kuhakiki.

Nairobi imevuna mengi kwa njia hiyo. Hadi 2009, Kibera, yenye maelfu kwa maelfu ya wakazi, ilikuwa karibu nafasi tupu kwenye ramani za mtandaoni. Vijana wa hukohuko walipita vichochoroni na vifaa vya GPS, wakaandika vituo vya maji, vyoo, zahanati na shule kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaweza kuihariri. Kisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa Marekani, walipanda matatu na simu mkononi, wakinakili kila steji gari liliposimama. Mwaka 2014 ikatoka ramani ya njia zaidi ya 130, zilizotofautishwa kwa rangi na kuwekwa namba anazozijua abiria. Kabla ya hapo, huduma yote ya matatu ilikuwa ikiendeshwa bila ramani kamili ambayo abiria angeweza kuishika mkononi. Maarifa yalikuwa kwa makanga na abiria, na ni wao tu waliokuwa na uwezo wa kuyatoa.

Lakini wanaotilia shaka wana hoja nzito kuliko ile ya matusi. Ya kwanza ni jasho. Anayeripoti foleni ya Mombasa Road au kusahihisha jina la mtaa anatumia bando lake na muda wake, na data ikishakuwa huria, kampuni kubwa inaweza kuitumia bila kumlipa. Tena ramani huchakaa: steji inahamishwa, zahanati inafungwa, na vijana waliojitolea wamepata kazi kwingine. Hoja ya pili ni usalama, na hapa sina subira na wanaoipuuza. Nukta inayoonyesha nyumba iliyoshambuliwa inaweza kumwonyesha mshambuliaji ni nani aliyetoa habari.

Uhakiki nao una dhuluma yake. Wikipedia hudai chanzo kilichochapishwa. Kanuni hiyo inazuia uzushi mwingi, ila inamfungia nje mzee wa Majengo anayeijua historia ya mtaa wake ambayo hakuna gazeti lililowahi kuiandika. Habari za mitaa yetu zikikosekana humo, msomaji hudhani hakuna cha kusimulia.

Nikipima yote, bado niko upande wa ushiriki, kwa sharti kwamba kazi ya kuhakiki ihesabiwe kuwa kazi na ilipiwe. Mchango wa wengi unaweza kubaki wa hiari. Anayekesha akichuja taarifa za damu na vitisho, anayeelewa Sheng, Kikuyu, Dholuo na mafumbo ya siasa yaliyofichwa ndani yake, hapaswi kutegemea moyo wa kujitolea pekee. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Wafadhili na wenye majukwaa wanaotaka taarifa za wananchi siku hiyo waanze sasa kuajiri na kufundisha wahakiki, na waweke kwenye bajeti mishahara yao pamoja na huduma ya ushauri nasaha.