Shangazi hajaibiwa, ila ana haki ya kununa

Shangazi yangu anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Juzi kaniita kanuna kabisa, ana karatasi mkononi. Mwaka mzima alikuwa anatupia laki moja kila mwanzo wa mwezi kwenye mfuko wa pamoja wa uwekezaji, kwa simu, hajaruka hata mwezi, sasa taarifa ya mwisho wa mwaka imeandika mfuko umekua asilimia 12, yeye kapiga hesabu yake ya sokoni, kwenye milioni moja na laki mbili alitakiwa apate faida laki na elfu 44, karatasi inamuonyesha elfu 76 na ushee. "Nusu wamekula hawa."

Hawajala bhana. Laki ya Januari imekaa miezi 12, ya Desemba imekaa mwezi mmoja tu, hiyo itazaaje sawa na ya Januari? Ile 12 ni ya mtu aliyeweka hela yote siku ya kwanza akatulia. Inampima meneja wa mfuko, shangazi haimhusu, na hakuna mstari hata mmoja uliomwambia hivyo.

Sasa kila ukigusa hili swala unaambiwa dawa ni app, kila mtu aone salio lake kila siku. Wana hoja, mi siwabishii. Thamani ya kipande, yaani kile kisehemu cha mfuko unachonunua, mifuko mingi inapigwa kila siku ya kazi, kwahiyo kumngojesha mtu miezi sita ili aone chake ni uvivu tu. Alafu huku watu bado wanaikumbuka DECI ya 2009, ule upatu uliowapotezea watu hela, mtu aliyeunguzwa na upatu akikaa kimya miezi miwili bila kuona kitu anajua tayari ameshapigwa.

Ila nimewahi kukaa upande wa nyuma wa ofisi kama hizo, na nachojua ni kwamba app inaonyesha kilichopo nyuma, kama nyuma ni fujo mteja anaona fujo haraka zaidi. Hela inaingia kwa simu, mtu kakosea tarakimu moja ya namba yake ya uwekezaji, inakaa kwenye akaunti ya kusubiri, kuna jamaa na Excel yake anaitafutia mwenyewe, jina kwenye kitambulisho cha NIDA ni Maria kwenye fomu ni Mary, ikifika jioni rejista ya wawekezaji haioani na hesabu za benki. Hapo ndo pa kuanzia, hata kama hapapigwi picha ya uzinduzi. Na mfuko wenye hisa nyingi, bei ikishuka wiki moja wanaochungulia kila asubuhi wanaweza kukimbilia kutoa kwa hasara, hilo nalo wenye ofisi wanalisema na sio uongo.

Pale wanaponikera ni kwenye "mteja wetu haelewi". Haelewi nini? Huyu mama anapiga kichwani bei ya gunia, ushuru, nauli ya mzigo kutoka Ukerewe na dagaa watakaopungua wakikauka, kabla hujafungua kalkuleta. Mpe mistari mitatu kwa shilingi: umeweka kiasi hiki, ukitoa leo unapata hiki, makato yetu yamekula hiki. Huo wa tatu watakwambia mgumu, maana gharama zinatolewa ndani ya mfuko kabla thamani ya kipande haijatangazwa, hazikatwi kwa mteja mmoja mmoja. Mgumu kweli, ila Ulaya tangu 2018 sheria ya MiFID II inawalazimisha kumpa mteja gharama zake kila mwaka kwa asilimia na kwa hela taslimu, na hawajafunga biashara.

Nilimchorea shangazi miezi yote 12 nyuma ya karatasi ileile, kila laki na muda iliyokaa, akaelewa kabla sijafika Juni. Akageuza upande wenye maandishi. "Haya, na wao wamechukua shilingi ngapi?" Nikatafuta kurasa zote nne. Kuna asilimia kwa mwaka, maandishi madogo chini kabisa. Shilingi hakuna.