Korona ilitufungulia Village Vanguard, ikamwacha mpiga solo wa Tanga bila kiingilio

Miongoni mwetu watu wa Tanga tunaofuatilia muziki wa jazi, ubishi wa enzi za korona haujaisha. Wapo wanaosema kipindi kile kilithibitisha kwamba ukumbi si lazima: ukiwa na simu, bando na spika yenye besi ya maana, umemaliza. Wapo wanaosema aliyejifungia ndani wakati nchi iko wazi aliwatupa wanamuziki, na kwamba mapenzi ya muziki yasiyokutoa nyumbani ni ya mdomoni tu. Nimewasikiliza wote kwa muda mrefu. Naona tulichanganya maswali mawili, swali la afya na swali la mfuko wa mwanamuziki, na aliyepata jibu la moja alijiona ameshajibu na la pili.

Tukumbushane kwanza hali ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule na kupigwa marufuku kwa mikusanyiko, matamasha ya muziki yakiwemo. Nyumba za ibada hazikufungwa. Mwanzoni mwa Mei takwimu zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hapo zaidi ya mwaka mzima. Juni Mosi vyuo vikafunguliwa, michezo ikarudi, na burudani nayo ikarudi taratibu. Jirani zetu Kenya walikuwa bado kwenye amri ya kutotoka usiku.

Kwa hiyo mpenzi wa muziki wa Tanga alijikuta mahali ambapo wenzake wachache sana duniani walikuwepo. Wa London au New York aliamuliwa na serikali yake: kumbi zimefungwa, basi. Wa Tanga aliachiwa aamue mwenyewe, tena bila takwimu za kumsaidia kuamua. Ruhusa alikuwa nayo, taarifa hakuwa nayo. Anayewahukumu leo waliotoka au waliobaki alipaswa kuanzia hapo, na sioni wengi wakianzia hapo.

Waliobaki nyumbani wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Village Vanguard ni ukumbi wa chini ya ardhi New York, upo tangu 1935, na viti vyake ni 123 tu. Mtu wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, angefikaje pale? Viza, nauli, hoteli, halafu tiketi. Machi 2020 ukafungwa, na Juni wakaanza kurusha maonyesho mubashara kwenye intaneti. Smalls, ukumbi mwingine mdogo wa jiji lile, nao ukawa unarusha. Mpiga piano Emmet Cohen akageuza sebule yake ya Harlem kuwa jukwaa: piano, besi na drams ndani ya chumba cha kuishi, kila Jumatatu saa moja na nusu jioni kwa saa zao. Kwetu hiyo ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumanne. Watu wa Barabara za Ngamiani wakawa wanaamka kama wanaokula daku, wanavaa spika za masikioni ili wasiwaamshe watoto, wanasikiliza.

Na walichokiona hakipatikani hata ukumbini. Kamera ilikuwa karibu kiasi kwamba unaona mpiga drams anavyoweka brashi chini na kuchukua fimbo nusu sekunde kabla wimbo haujabadilika, na unaona vidole vya mpiga besi vikitangulia mahali ambapo piano itafika baadaye. Mpiga piano mkongwe Chick Corea alikuwa akirusha mazoezi yake ya nyumbani: anarudia kipande kilekile, anakwama, anakirudia tena kwa mwendo wa polepole. Mwanamuziki wa kiwango chake kwa kawaida haonyeshi kazi yake ikiwa bado jikoni. Alifariki tarehe 9 Februari 2021 kwa saratani, na mazoezi yale ni katika vitu vya mwisho tulivyopata kwake. Kijana wa Tanga anayejifunza kinanda alipata darasa ambalo miaka miwili kabla hata mwanafunzi wa New York hakuwa nalo.

Hapo naungana nao bila kusita. Masikio yetu yalipanuka. Walioishia kuzijua bendi za hapa na majina matano makubwa ya Marekani walitoka kwenye korona wakijua nani anapiga na nani, na kwa nini trio, yaani bendi ya watu watatu, bila mpiga gitaa inasikika vile inavyosikika.

Upande wa afya nao hawakuwa waoga. Ndani ya wiki chache za Machi na Aprili 2020 ugonjwa huu uliwachukua wanamuziki Manu Dibango akiwa na miaka 86, Ellis Marsalis akiwa na 85, Wallace Roney akiwa na 59, Bucky Pizzarelli akiwa na 94, Henry Grimes akiwa na 84 na Lee Konitz akiwa na 92. Ukiangalia umri wao utaelewa kwa nini jazi iliumia namna ile: ni muziki ambao wazee wake bado wako jukwaani. Tarehe 10 Machi mwaka huohuo, kwaya moja ya jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi ndani ya chumba. Walikuwepo watu 61. Waliougua, kwa kuhesabu waliothibitishwa na waliodhaniwa, ni 53, na wawili wakafariki. Kuimba na kupuliza hutoa pumzi nyingi na kuitupa mbali, na chumba kilichofungwa huitunza pumzi hiyo kwa ajili ya mtu mwingine.

Sasa itazame hadhira ya dansi ya Tanga. Watu wanaokuja kusikiliza nyimbo za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, bendi za zamani za hapa Tanga, ni wale waliozicheza wakiwa vijana. Wengi wameshastaafu, wana sukari, wana presha. Wapigaji wakongwe nao ni hivyohivyo. Mji huu ndio uliowalea Wilson na George Kinyonga, waliopitia Jamhuri Jazz kabla ya kuelekea Arusha, kisha Kenya, walikoanzisha bendi ya Simba Wanyika. Mzee anayekumbuka gitaa la pili lilivyofungwa enzi zile, na nani alibuni mpigo upi, hayumo kwenye kitabu chochote. Kumwambia mzee huyo mwaka 2020 kwamba asipokuja ukumbini si mpenzi wa kweli, lilikuwa neno baya na bado ni neno baya.

Pamoja na hayo, hoja ya kwamba ukumbi umepitwa na wakati siikubali hata kidogo. Rekodi alizofanya mpiga piano Bill Evans na wenzake wawili pale Village Vanguard, Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961, zina milio ya glasi na minong'ono ya watu mezani. Mashabiki wa dunia nzima wanazipenda pamoja na glasi zake. Linganisha na maonyesho ya 2020 ya ukumbi uleule: solo inafika kileleni, wimbo unaisha, na hakuna kinachojibu. Wapigaji wanatazamana, wanaanza mwingine. Walipiga kwa ufundi uleule, lakini solo nyingi zilifungwa mapema, kwa sababu kinachomfanya mpigaji aongeze mzunguko mmoja zaidi ni sauti ya mtu aliyeguna mbele yake.

Kwenye dansi letu jambo hili ni kubwa zaidi. Chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka watu wakacheza, halina urefu uliopangwa. Mpiga solo anatazama sakafu. Akiona watu wamekolea, anarudia, anapandisha, anamwita mpiga tumba. Sakafu ikipoa, anafunga. Mcheza dansi ni mmoja wa wapigaji. Wanaosema simu inatosha wanazungumzia jazi ya kukaa kwenye kiti, na hata hiyo, kama nilivyosema, ilipungukiwa.

Kosa la pande zote mbili ni kujadili ukumbi kana kwamba kumbi zote ni moja. Chumba chenye dirisha moja, feni ya dari na watu wamebanana ni kitu kimoja. Bustani iliyo wazi, upepo wa bahari unapita na meza zimeachana, ni kitu kingine kabisa. Tanga tuna bahati ya sehemu za namna hii ya pili, kuanzia bustani za katikati ya mji hadi upande wa Raskazone. Tamasha la muziki la Sauti za Busara la Februari 2021 lilifanyika Ngome Kongwe, Zanzibar, kwenye uwanja usio na paa, likapunguzwa likawa la siku mbili, tarehe 12 na 13. Cape Town walikuwa wameahirisha tamasha lao la jazi la Machi 2020, na Siku ya Kimataifa ya Jazi ya Aprili 30, ambayo mji huohuo ulikuwa uwe mwenyeji wake, ikahamia kwenye intaneti. Kuna walioishangilia Zanzibar kwa uthubutu na kuna walioilaani. Mimi naona uwanja wa wazi ulikuwa uamuzi wenye hoja, lakini wakati wenyewe ulikuwa mgumu: mwisho wa Januari Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alikuwa ameshatangazwa kuwa na korona, na tarehe 17 Februari akafariki. Aliyeamua kutokwenda wiki ile hakuhitaji kumweleza mtu sababu.

Laiti tungewekeana kanuni moja tu mwaka ule: nje ndiyo, ndani hapana, na mwenye zaidi ya miaka sitini akae upande wa upepo. Hakuna aliyetuzuia.

Sasa suala la fedha, ambalo ndilo linaloniuma. Bendi ya dansi ina watu kumi na kuendelea. Wanaishi kwa kiingilio cha mlangoni, kwa malipo ya harusi, na kwa noti anazobandikwa mwimbaji kwenye paji la uso watu wakipanda kumtuza. Mikusanyiko ilipopigwa marufuku, mifereji yote hiyo ilikauka kwa siku moja, na ilipofunguliwa ilirudi nusunusu kwa sababu sisi wenye umri na vipato vya uhakika tulibaki ndani. Tulikuwa na haki ya kubaki. Lakini tukiwa ndani tulifanya nini? Tulimtazama Emmet Cohen bure, tukaandikiana kwenye kundi la WhatsApp kwamba "muziki umetuokoa", tukalala. Mpiga saksafoni anayekaa mitaa mitatu kutoka kwetu aliuza spika zake.

Najua jibu litakalotolewa. Litasemwa kwamba bendi zetu nazo zingerusha mubashara. Jaribu uone. Drams na besi zikiingia pamoja, maikrofoni ya simu inatoa mkoromo mtupu. Kupata sauti safi kunataka mikisa, fundi, intaneti isiyokatika na umeme usiokatika. Halafu mtazamaji amezoea kwamba cha kwenye simu ni cha bure. Wa New York walikuwa na kumbi zenye vifaa, wafadhili, na hadhira iliyozoea kulipia kwa kadi.

Litasemwa pia kwamba ukumbi wenyewe haukuwa ukimlipa mpigaji vizuri: mwenye baa anachukua ya vinywaji, bendi inaambulia ya mlangoni, mvua ikinyesha haiambulii kitu. Ni kweli, na wanaoutetea ukumbi kwa hisia wanalipita jambo hili haraka mno. Kurudi ukumbini peke yake hakumpi mpigaji maisha. Kulimrudishia ule umaskini wake wa kawaida.

Lakini njia tulikuwa nayo mfukoni. Pesa za kwenye simu nchi hii tunazitumia tangu 2008. Tulichanga misiba, tukachanga sendoff, tukachangia hospitali, yote kwa namba ya simu na ndani ya dakika moja. Bendi ingetuma wimbo mmoja wa sauti tu, umerekodiwa vizuri kwa utulivu, pamoja na namba ya kutuzia. Elfu tano ya kiingilio ingetumwa huko, hata kama mtumaji yuko kitandani. Bendi hazikuomba kwa kuona aibu, na sisi hatukutoa kwa kuwa hatukuombwa.

Chanjo ilibadilisha hesabu. Shehena ya kwanza ya Janssen, zaidi ya dozi milioni moja, ilifika tarehe 24 Julai 2021, na tarehe 28 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani na kuzindua chanjo nchini. Village Vanguard ilifungua milango kwa hadhira Septemba mwaka huohuo. Tangu hapo hoja ya afya ya kumbakiza nyumbani mtu aliyechanjwa, kwenye bustani ya wazi, ilipungua sana. Na ndipo ilipoonekana kwamba baadhi yetu tulikuwa tumezoea tu. Mtu anasema bado anajihadhari, na huku anakwenda kwenye harusi za watu mia tatu.

Kwa wanaopendelea simu sina ugomvi, waendelee. Mimi mwenyewe Jumanne za alfajiri bado nazikesha. Ninachowataka ni kitu kimoja: bei ya kiingilio cha mwezi iende kwa bendi ya hapa Tanga, hata kama hamtoki. Na bendi nazo ziandike namba ya kulipia kwa herufi kubwa kwenye bango la jukwaani na chini ya kila wimbo zinaoutoa, bila kuona haya, na ziwatangulize wazee wanaojua mapigo ya zamani kurekodiwa kwanza, nje, mchana, kabla ya kitu kingine chochote.